Hati ya Tano ya Bi Mkejina

Kaeni vizuri, na mwenye mgongo unaomsumbua aegemee ukuta, maana kisa hiki ni chake kuliko cha mtu mwingine yeyote. Nakisimulia kama nilivyokipata kwa Siwema mwenyewe, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Nilipotia chumvi, ni ya kuungia tu.

Siwema alikuwa na mgongo mbovu. Aliteleza akaangukia shimo la udongo, na tangu siku hiyo, miaka saba, maumivu yalihamia kiunoni mwake yakajenga. Kwao aliambiwa azoee. Mama mkwe alimwambia azoee, mkunga alimwambia azoee, na mumewe, mtu mwema kabisa, alimwambia azoee huku akimkanda. Basi aliposikia kwamba iko nchi iitwayo Kadiria, ambako maumivu ya watu hupimwa kwa sheria na dawa hutolewa na serikali, alifunga kanga mbili akaondoka. Njia aliyopita haituhusu. Hakuna aliyewahi kufika Kadiria kwa kuelekezwa, na hakuna aliyeikosa akiwa anaumwa vya kutosha.

Langoni alimkuta karani mwenye mihuri kumi na miwili, kaipanga mezani kwa ukubwa.

"Umekuja kufanya nini?"

"Naumwa mgongo, baba."

Karani alitabasamu kwa huruma. "Mgeni haumwi, dada yangu. Kifungu cha tatu. Mgeni amechoka na safari tu."

"Safari haikunichosha. Mgongo huu ninao miaka saba."

"Basi safari yako imekuwa ndefu kweli," alisema karani, akachagua muhuri wa nne kutoka kushoto, akaugonga kwenye kadi ngumu. Siwema alipoisoma aliona maneno mawili: AMECHOKA TU. "Itunze vizuri. Ukiipoteza utahesabiwa huna hali yoyote, na hilo lina usumbufu mkubwa."

Kadiria waliochoka hupelekwa kwa wajane, kwa hiyo Siwema akapelekwa kwa Bi Mkejina. Huyu alikuwa mwanamke aliyepita miaka sitini, msusi wa mikeka, mwenye ulimi mkali na macho ya kucheka. Alimpokea akiwa amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu.

"Karibu, mwanangu. Usinione sisimami ukadhani nina kiburi. Mifupa ya kiuno na nyonga inaliwa na maradhi, na inayoliwa bado ni yangu."

Siwema aliangaza nyumbani mle. Palikuwa na jiko, mitungi, mikeka mizuri ya rangi, ila kitanda hakikuwepo. Na kile kiti kilifungwa mkanda mpana wa kitambaa, wa kumshika mtu kifuani.

"Huo ndio unaonizuia nisianguke nikisinzia," alisema Bi Mkejina, alipoona mgeni anautazama. "Miaka minne na miezi miwili nalala nimekaa. Nikijaribu kujilaza ubavu napiga ukelele, majirani wanakuja na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Siwalaumu. Ukelele wenyewe ni wa moto."

Ukutani, palipostahili kutundikwa picha ya marehemu mumewe, zilitundikwa hati nne zenye fremu. Kila moja iliandikwa kwa wino wa dhahabu: *Maumivu ya mtajwa yamethibitika, na yametibiwa.*

"Hizi zinasema umetibiwa," alisema Siwema.

"Mara nne."

"Na unalala kitini."

"Hati umeisoma. Sasa nitazame mimi."

Ndipo Siwema alipoelezwa sheria ya nchi ile, na mimi nitaieleza kama alivyoelezwa, bila kuipamba, kwa kuwa haihitaji. Kadiria mwenye maumivu hawezi kuwa shahidi wa maumivu yake mwenyewe, kwa sababu ana maslahi nayo. Anataka dawa, na anayetaka kitu anaweza kusema uongo. Basi serikali huajiri watu wazima wa afya, wasio na maumivu yoyote, na kazi yao ni kupiga kite mbele ya Baraza, yaani kuguna na kulalama kwa niaba ya mgonjwa. Wanaitwa wapiga kite. Wana leseni, wana sare, wana madaraja matatu. Baraza likisikiliza na kuridhika, hupima kijiko cha dawa nzito, ile inayotoka kwenye utomvu wa afyuni, na kumpa aliyethibitika kuumwa.

"Yaani wewe," alisema Siwema.

"Yaani mpiga kite. Ndiye aliyethibitika. Mimi nimekaa benchi la nyuma sijasema neno, nitathibitika vipi? Anakunywa palepale, mbele ya Baraza, mdomo unakaguliwa. Mimi napewa hati."

Siwema aliuliza kama hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

"Tulalamike nini, mwanangu? Hati ni nzuri. Ina muhuri."

Wakati huo mlango ulijaa mtu. Alikuwa Sufiani Dunda, mpiga kite wa daraja la kwanza, mtoto wa kaka yake Bi Mkejina. Jitu zima, mashavu manene, sare imebana tumbo.

"Shikamoo, shangazi. Ala! Una mgeni na hukuniambia?"

"Marahaba. Ningekuambia saa ngapi, na wewe kila ukija unasinzia?"

Sufiani alicheka, akaketi chini, akamwonyesha mgeni ufundi wake. Alipiga kite cha jino, halafu kite cha mfupa, halafu, kwa heshima zote, kite cha uzazi, na kwa kweli cha uzazi kilikuwa kizuri kuliko vyote. Siwema alicheka mpaka kiuno kikamchoma. Lakini jicho la mfinyanzi huona ufa kabla chungu hakijapasuka. Aliona mboni za macho ya Sufiani zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Aliona anavyojikuna mikono asijue anajikuna, na katikati ya sentensi kidevu kinaangukia kifuani.

"Shauri lako ni siku ya nne baada ya leo, shangazi," alisema alipoamka. "Kesho Baraza linafunga siku tatu kwa Sikukuu ya Muhuri. Nitakupigia kite hujapata kukisikia."

Alipoondoka, Bi Mkejina aliendelea kusuka bila kutazama mkono.

"Hilo ndilo linaloniogopesha," alisema. "Hati ya tano. Sheria inasema mwenye hati tano amepona. Daftari lake linafungwa, halifunguliwi tena mpaka anakufa. Na aliyepona akilalamika, anaikanusha serikali."

"Usiende, basi."

"Nisipoenda, nimepona mapema zaidi." Aliweka ukindu chini. "Mimi sitaki makuu. Mume wangu hatarudi na miguu yangu haitacheza ngoma. Ninachotaka ni kulala ubavu, mara moja tu kabla sijafa. Nao wataniambia nimepona."

Siwema alitaka kumwambia azoee, neno likamfika mdomoni kwa mazoea ya miaka saba, akalimeza kwa aibu.

Siku ya pili alitoka kuiona nchi. Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba watu wa Kadiria hutembea wakirukaruka. Karani wa soko alikuwa akija na mafaili yake, akafika mahali penye kijiti cha kijani, akainua mguu juu, akakivuka kwa adabu, akaendelea. Askari naye vivyo hivyo.

"Samahani, kaka," Siwema alimuuliza askari. "Mnaruka nini?"

"Haturuki kitu."

"Hiki hapa. Si bangi hii?"

Askari alitazama mbinguni. "Dada, jani hilo halipo. Lilifutwa kwa sheria zamani za babu yangu. Ungelikanyaga ungekuwa umelitambua, na kulitambua ni kosa. Ndiyo maana tunaruka."

Na halikuwa jani moja. Kwa sababu halikuwepo, hakuna aliyeweza kuling'oa, nalo lilikuwa limeota kwenye kila ua, kila mtaro, na kwa wingi zaidi mbele ya ofisi ya Baraza.

Uwanjani, kwa ajili ya sikukuu, paliruhusiwa mdahalo. Upande mmoja walisimama Wapenda Jani, upande wa pili Wachukia Jani, na kwa kuwa kulitaja ni kosa, wote walisema "kile kitu". Msemaji wa kwanza alithibitisha kwa vidole kwamba kile kitu kinaponya mgongo, kipara, uchungu wa kuachwa, mbuzi tasa na paa linalovuja. Msemaji wa pili alimjibu kwamba shemeji yake alikinusa kwa mbali, akapanda mnazi, akamtukana mama mkwe wake kutoka juu, na mpaka leo hajashuka. Wapenda Jani walipiga makofi. Wachukia Jani walipiga makofi zaidi. Siwema alimuuliza mama mmoja aliyesimama na fimbo, uso umekunjamana kwa maumivu, yeye yuko upande gani.

"Mimi sijaulizwa," alisema yule mama. "Nimekuja kupata pa kuegemea."

Jioni Siwema alimuuliza Bi Mkejina jinsi nchi ilivyofika hapo, na bibi akamwambia mambo ambayo hakuyachekea.

"Kulikuwa na zamani ya vibuyu. Walikuja wauzaji, viatu vinang'aa, wakasema dawa nzito ni nyepesi kama maji ya mvua, haimdhuru mtu. Kila nyumba ikapewa kibuyu. Mtu akijikwaa, kijiko. Akigombana na mkwe, kijiko. Mtoto akilia sana, loh, mama anywe kijiko. Watu wakalala, mwanangu. Chakula kinaungua jikoni na mpishi yupo. Kaka yangu, baba yake Sufiani, alilala mchana wa Ijumaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akapitiliza. Sufiani ndiye aliyemtikisa." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Tukaogopa. Tulikuwa na haki ya kuogopa. Basi tukavunja vibuyu vyote, tukaweka Baraza. Ila tulipokuwa tunavunja, hakuna aliyekumbuka kwamba wako watu waliokuwa wanaumwa kweli."

Sikukuu ilipokwisha, walimbeba Bi Mkejina na kiti chake mpaka barazani. Ukumbi ulijaa. Mbele alisimama Mkadiri Mkuu, Bwana Tawakali Mshindo, mzee mrefu mwenye joho. Kiti chake cha enzi kilikuwa nyuma yake, lakini hakukikalia, na watu walisema hiyo ndiyo heshima yake, hajawahi kukaa mbele ya raia. Pembeni alisimama Daktari Mwazume, mwanamke mfupi mwenye sinia, kijiko na funguo kiunoni, na kitambaa cheupe kimefungwa mdomoni. Siwema aliuliza kwa nini. Jirani alimnong'oneza kwamba daktari naye ana maslahi: anataka mgonjwa apone. Hivyo haruhusiwi kusema.

"Mpiga kite!" aliita karani wa Baraza.

Sufiani aliingia, na Siwema hakumtambua mara moja. Siku tatu za sikukuu hakukuwa na mashauri, na siku tatu hakunywa kijiko hata kimoja. Sare ilimlegea kwa jasho. Pua ilimtiririka, alipiga miayo mfululizo, vinyweleo vimemsimama mikononi. Alifika katikati, akashika tumbo, akapiga magoti.

Akapiga kite.

Jamani, mimi sikuwepo, lakini Siwema alisema nywele zilimsisimka. Hakikuwa cha jino wala cha mfupa. Kilianza chini kabisa, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena, na yule mtu mkubwa akajikunja sakafuni akitetemeka. Wajumbe wa Baraza waliacha kalamu. Akina mama wakalia. Mjumbe mmoja mzee alisimama akapiga makofi.

"Daraja la juu!" alisema. "Kijiko kizima na nusu!"

Daktari Mwazume alisogea na sinia, macho yamejaa machozi juu ya kile kitambaa. Sufiani aliinua mkono kukipokea kijiko. Vidole vyake vilikuwa vimekifikia. Ndipo alipogeuza kichwa, akamwona shangazi yake amefungwa mkanda kitini, anamtazama.

"Hapana," alisema. "Kite hiki si chake. Shangazi, nisamehe. Kite cha leo ni changu mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka. Mpiga kite mwenye maumivu! Kitu hicho hakikuwahi kutokea, au kilitokea kila siku na hakuna aliyekisema. Wajumbe walivurugana. Mmoja alisema kite kimebatilika kwa kuwa mpigaji ana maslahi. Mwingine alisema sheria inataka kite kisikike, nacho kimesikika mpaka sokoni. Karani akapekua kitabu, jasho linamtoka.

"Mheshimiwa," alisema mwishoni, "sheria haisemi kite kiwe cha nani. Kite kimetolewa. Hati ya tano itolewe, na daftari la Bi Mkejina lifungwe."

Bi Mkejina aliuinamisha uso wake na kuushika ule mkanda kwa mikono miwili.

Sasa, Baraza lina maneno ya kufungia shauri, ambayo karani huyatamka haraka haraka huku muhuri uko hewani: *Mwenye swali, asiye na haja na dawa, aulize.* Tangu Baraza lianze hakuna aliyewahi kuuliza. Kadiria nzima mtu asiyeumwa ana mama anayeumwa, au mtoto, au mke, na wote hao wana maslahi.

"Nina swali," alisema Siwema.

Muhuri ukabaki hewani.

"Wewe ni nani?" aliuliza karani. "Umesimama umejishika kiuno. Unaumwa wewe!"

Siwema alitoa ile kadi ngumu kwenye pindo la kanga, akaiinua juu ili watu wote waione. "Siumwi. Kwa sheria yenu wenyewe nimechoka tu. Na mtu aliyechoka hana haja na dawa."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa yule mama mwenye fimbo, kikasambaa. Karani akaitazama kadi, akautambua muhuri wa langoni. "Uliza."

Siwema hakuligeukia Baraza. Alimgeukia mwenyeji wake, akachuchumaa mbele ya kiti kwa taabu, mgongo ukimlaani.

"Mama," alisema, "unaumwa wapi? Tangu lini? Na ni kitu gani unachotaka kukifanya, ambacho maumivu yamekukataza?"

"Pingamizi!" alisema mjumbe mmoja. "Mgonjwa hasemi!"

"Hatoi ushahidi," alisema karani kwa sauti ndogo, kidole kiko kitabuni. "Anajibu swali. Sheria haijasema mwenye swali amuulize nani."

Bi Mkejina aliuachia ule mkanda. "Mashauri manne," alisema, "na hili la tano. Ndiyo kwanza naulizwa." Akavuta pumzi. "Naumwa hapa, na hapa, mpaka gotini. Miaka minne na miezi miwili. Ninachotaka ni kulala ubavu. Wa kushoto, nimekunja magoti, shavu juu ya mkono, kama nilivyolala tangu utotoni. Na sitaki kulala kama marehemu kaka yangu. Nataka kulala, halafu niamke nisuke mkeka."



"Wa kushoto?" aliuliza Mkadiri Mkuu.

"Wa kushoto, baba."

Bwana Tawakali Mshindo alikitazama kiti chake cha enzi, akautazama umati. "Mimi," alisema, akasita. "Mimi nyonga hii sijaikalia mwaka wa sita sasa. Mnasema ni heshima. Si heshima."

Karani alipauka. "Mheshimiwa, niandike?"

"Usiandike. Ebo, andika! Na yule daktari avuliwe kitambaa."

Daktari Mwazume alikivua mwenyewe, akakikunja, akakitia mfukoni. Hakuanza na hotuba. Alimfunika Sufiani kwa joho la mjumbe aliyekuwa karibu bila kuomba ruhusa, ndipo akasema.

"Wakati wa vibuyu mliwapa watu bila kuwauliza. Sasa mnawanyima bila kuwauliza. Kosa ni lile lile. Huyu mama nitampa dawa nzito, kidogo, kwa siku chache, nikimwona kila baada ya siku mbili, na funguo nitakaa nazo mimi. Ikimlaza kupita kiasi napunguza. Isipomfaa naacha. Nitamkanda, nitamfundisha kunyoosha miguu. Na nitamjaribishia matone ya mafuta ya jani."

"Jani gani?" alisema Mkadiri Mkuu kwa mazoea.

"Lile unaloliruka kila asubuhi mlangoni, Mheshimiwa, kwa nyonga hiyo hiyo mbovu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mkadiri Mkuu alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka naye.

"Basi linaponya!" ilipigwa kelele dirishani, kutoka kwa Wapenda Jani.

"Haliponyi," alisema daktari. "Baadhi ya wagonjwa limewapunguzia. Wengine limewakausha mdomo tu, basi. Siwezi kujua ni la nani mpaka niruhusiwe kumuuliza mtu, nimngoje, nimuulize tena."

"Na huyu?" Mkadiri Mkuu alimwonyesha Sufiani.

"Huyu ni mgonjwa wangu vilevile. Nyinyi ndio mliomnywesha. Atashuka ngazi moja moja, kila siku kidogo zaidi, na hataitwa mwizi."

Msidhani Kadiria ilibadilika siku ile. Baraza lilibishana mpaka adhuhuri. Waliruhusu tiba hiyo kwa mwezi mmoja na nyumba moja, na karani aliandika kwamba jambo lile lisiigwe. Lakini hati ya tano haikugongwa muhuri. Siwema aliiona ikirudishwa kwenye kasha, wino haujakauka, na alisema hajawahi kuona karatasi isiyo na muhuri ikapendeza kiasi kile.

Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Bi Mkejina alitapika, akamsema daktari, akaisema dawa, akasema afadhali kite. Daktari alipunguza, akabadilisha saa, akauliza tena. Sufiani alihamia chumba cha uani, akilia na kutukana na kuomba msamaha, siku nyingine vyote kwa pamoja, na shangazi yake alimpikia uji kutoka kitini, akielekeza kwa mwiko. Siku ya tano ya tiba mtu yule alikula bakuli zima. Siku ya sita alimuuliza shangazi yake, kwa aibu, kama leo anaumwa zaidi ya jana au pungufu, akakaa kungoja jibu.

Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, Bi Mkejina alifungua mkanda.

"Tandikeni," alisema.

Walitandika mikeka minne, mmoja juu ya mwingine, kazi ya mikono yake. Sufiani alimshika mabega, Siwema akashika miguu. Habari zilishatoka nje, sijui nani alizitoa, na majirani walikuja mbio kama walivyozoea, kila mmoja na ndoo ya maji, wakajaa mlangoni wakingoja ule ukelele. Karani wa Baraza naye alikuja, kalamu mkononi. Walimshusha taratibu. Ubavu wa kushoto. Magoti yakakunjwa. Shavu likafika mkononi.

Wakangoja.

Hakikutoka kitu. Halafu kikatoka kitu, nacho kilikuwa mkoromo mdogo, wa raha, wa mtu aliyefika kwake. Sufiani aliweka mkono karibu na pua ya shangazi yake, akahesabu pumzi kama daktari alivyomfundisha, na kila alipohesabu machozi yalimdondoka. Majirani walirudi kinyumenyume kwa vidole vya miguu, ndoo zimejaa, wakijizuia wasizigonganishe. Karani alisimama na daftari lake wazi, hana la kuandika, akaishia kuvua viatu.

Bi Mkejina aliamka jua likiwa bado juu. Alitazama mwanga ukutani, mahali zilipotundikwa zile hati nne.

"Nimelala?"

"Umelala, shangazi," alisema Sufiani.

"Na nimeamka."

"Umeamka."

Akacheka, mpaka ikambidi ashike nyonga, ambayo bado ilikuwa inauma, ila kwa adabu. Halafu alinyoosha mkono, akamvuta Siwema kwa pindo la kanga, palepale ilipofichwa kadi.

"Kaa hapa kwenye mkeka. Umekaa nyumbani kwangu siku kumi na moja umejishika kiuno, na wote tumejifanya hatukioni kama lile jani. Haya. Unaumwa wapi, mwanangu?"

Siwema alifungua mdomo aseme amechoka tu. Badala yake alianza kulia, kwa sauti, bila kujificha, na mwanamke yule asiyependa maneno mengi akaeleza kuanzia shimo la udongo, miaka saba yote, na hakuna aliyemkatiza.

Nami nimefika mwisho wa niliyopewa. Yule aliyeegemea ukuta, tumwachie nafasi. Tunakusikiliza.